Ernest Wilson na lili iliyomgharimu mguu

Kila msimu wa kupanda unapokaribia, wasikilizaji wa kipindi chetu cha bustani hutuletea swali linalofanana. Matunguu ya lili yamenunuliwa kwa bei ya kuumiza, yamefukiwa kwenye udongo mweusi wenye samadi, yamemwagiliwa asubuhi na jioni, na baada ya mwezi mmoja mwenye bustani akichimbua anakuta uji unaonuka. Kosa liko wapi?

Jibu tunalo, lakini safari hii tumeamua kulitoa kwa njia ndefu kidogo, kupitia maisha ya mtu aliyeitoa moja ya lili maarufu kuliko zote duniani kwenye bonde lake la asili na kuifikisha kwenye bustani za nyumbani. Anaitwa Ernest Henry Wilson, Mwingereza aliyefariki mwaka 1930. Ukijua mahali alipoikuta lili ile, na jinsi alivyohangaika hadi ikafika ikiwa hai, nusu ya maswali ya utunzaji yanajijibu yenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengi wetu tukisikia lili tunafikiria yungiyungi, lakini yungiyungi ni ua la majini, ukoo mwingine kabisa. Wengine hufikiria ua jeupe lenye umbo la faneli linalopenda kuota kandokando ya mitaro na kupelekwa harusini. Hilo nalo si lili ya kweli. Hata ua jekundu na njano linalotambaa vichakani, ambalo Zimbabwe wamelifanya ua la taifa, ni lili kwa jina tu. Lili za kweli asili yake ni Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Huku kwetu ni wageni, na mgeni lazima umuulize alikotoka anakula nini.

Mtoto wa kitalu

Wilson alizaliwa tarehe 15 Februari 1876 katika mji mdogo wa Chipping Campden, Uingereza. Familia haikuwa na uwezo mkubwa, na kijana hakukaa shuleni muda mrefu. Aliingia kwenye kitalu cha miche karibu na Birmingham kama mwanagenzi, kisha akiwa na umri wa miaka 16 akapata kazi kwenye bustani ya mimea ya Birmingham. Mchana alikuwa na jembe na ndoo ya maji, jioni alikwenda darasani kusomea elimu ya mimea katika shule ya ufundi ya mji huo, na huko akapata tuzo. Mwaka 1897 akahamia bustani za Kew, London, ambazo wakati ule zilikuwa ndoto ya kila mtunza bustani mwenye malengo.

Tunalisema hili kwa sababu watu wengi waliozunguka dunia wakikusanya mimea enzi zile walikuwa madaktari, wamisionari au watoto wa matajiri. Wilson alikuwa mfanyakazi wa bustani. Alipoutazama mmea mlimani, aliutazama kama mtu anayejua kwamba kesho atatakiwa kuuotesha.

Mwaka 1899 kampuni ya vitalu ya Veitch, iliyokuwa na makao yake Chelsea, London, ilikuwa inatafuta kijana wa kumtuma China. Kew ikamtoa Wilson. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: atafute mbegu za mti wa njiwa, mti ambao maua yake yamezungukwa na vipande vyeupe vinavyoning'inia kama leso zilizoanikwa. Aliambiwa waziwazi asipoteze muda kwa mimea mingine, kwa kuwa kila chenye thamani huko China kilishapatikana. Tukitazama nyuma, ni agizo la kuchekesha.

Alipitia Marekani, akakaa siku tano Boston kwenye bustani ya miti ya Arnold Arboretum, akakutana na mkurugenzi wake, Charles Sprague Sargent, kisha akavuka bara kwa treni na bahari kwa meli hadi Hong Kong. Kutoka pale alisafiri kwa taabu mpaka kusini ya jimbo la Yunnan kumwona Augustine Henry, daktari wa Kiayalandi aliyekuwa ameuona mti ule miaka kadhaa kabla. Henry alimchorea ramani kwenye kipande cha karatasi, eneo kubwa kama nchi ndogo, na ndani yake alama ya mti mmoja. Wilson aliufikia mwezi Aprili 1900. Akakuta kisiki. Pembeni yake palikuwa na nyumba mpya, na nyumba ile ilikuwa imejengwa kwa mbao za mti ule.

Mtu mwingine angefunga mizigo. Yeye aliendelea kutafuta, na wiki chache baadaye akakuta kundi zima la miti ya njiwa ikiwa imechanua. Alirudi Uingereza mwaka 1902 na shehena ya mbegu, akamwoa Helen Ganderton mwezi Juni mwaka huohuo, na kabla ndoa haijatimiza mwaka alikuwa tena njiani kwenda China. Historia ya mimea imemwandika Wilson kwa wino mwingi na Helen kwa wino kidogo. Lakini ukihesabu miezi, mama huyo aliishi miaka ya mwanzo ya ndoa yake karibu kama mjane, akisubiri barua.

Bonde la Mto Min

Safari ya pili ilikuwa ya kutafuta ua la manjano la milimani, jamaa ya mpopi, nalo alilipata. Lakini kilichobaki kwenye bustani za watu wa kawaida kutokana na safari ile ni kitu alichokikuta njiani mwaka 1903.

Magharibi ya China, katika jimbo la Sichuan, Mto Min unashuka kutoka milima inayopakana na nyanda za Tibet, unapita Songpan na kuteremka hadi uwanda wa Chengdu. Sehemu ya bonde hilo ni nyembamba kiasi kwamba njia ya miguu imechongwa kwenye ubavu wa mlima, juu mwamba, chini mto unaounguruma. Kiangazi ni joto kali, majira ya baridi ni baridi kali, na upepo hauna huruma. Mvua si nyingi. Udongo, kama unastahili kuitwa udongo, ni vipande vya mawe vilivyomomonyoka na kujaa kwenye nyufa.

Humo ndimo Wilson alimoziona. Hazikuwa mbili tatu, bali mamia na maelfu, zimetokeza katikati ya nyasi ngumu na vichaka, kwenye nyufa za miamba, kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiria mara mbili kabla ya kupanda. Shina linakwenda mita moja hadi karibu mbili, jembamba lakini imara, majani yake membamba kama nyasi. Juu yake maua makubwa kama tarumbeta: ndani meupe, kooni manjano, nje yamepakwa rangi ya zambarau iliyokolea kama divai. Asubuhi na jioni, hewa inapopoa, harufu yake hujaza bonde zima.

Hapa msomaji mwenye bustani asimame kidogo. Lili hii haikukutwa kwenye kinamasi, wala kwenye bustani ya mboga yenye mbolea hadi magotini. Ilikuwa kwenye mawe na mteremko, mahali ambapo maji ya mvua hayakai hata saa moja. Kichwa kiko juani, lakini tunguu limejificha ndani ya ufa, na nyasi zinazolizunguka zinalipa ubaridi. Basi yule anayechimba shimo kwenye mfinyanzi, akajaza samadi mbichi na kumwaga ndoo kila jioni, anaiwekea lili mazingira yaliyo kinyume kabisa na ya kwao.

Mwaka 1904 Wilson alituma London matunguu 300 hivi. Yalifika salama majira ya machipuko ya mwaka 1905 na kuchanua kiangazi kilichofuata. Kampuni ya Veitch iliyauza kwa jina lisilo lake, kwa sababu wataalamu waliichanganya na lili nyingine. Ilikuwa baadaye, mwaka 1912, ndipo Wilson mwenyewe alipoipa jina ililo nalo hadi leo, Lilium regale, yaani lili ya kifalme.

Tunguu halina koti

Kwa nini usafirishaji ulikuwa kazi ngumu hivyo? Chukua kitunguu maji jikoni. Nje kina ganda kavu linalokifunika kama koti, ndiyo maana kinakaa kikapuni wiki kadhaa bila shida. Tunguu la lili halina koti hilo. Ni magamba manene yenye maji, yamepangana kama vigae, yakiwa wazi kabisa. Tena halilali usingizi mzito kama vitunguu vingine; hata wakati wa mapumziko liko macho kidogo, mizizi yake ikiwa hai. Likikaushwa linasinyaa na kufa. Likiloweshwa bila hewa, ukungu unaingia katikati ya magamba na linaoza kuanzia kitakoni.

Uingereza walilijua tatizo hili kwa machungu. Mwaka 1862 kampuni hiyohiyo ya Veitch ilikuwa imeonyesha London lili ya Japani yenye mistari ya dhahabu, na watu wakapagawa. Kwa miaka mingi matunguu yake yaliagizwa kwa maelfu, yakachanua mara moja au mbili, yakafa. Mengine yalikuwa yameoza safarini, mengine yalikuja na virusi. Lili ikapata sifa ya ua la kununua kila mwaka, ua la mwenye pesa ya kutupa.

Mwaka 1907 Wilson alirudi China, safari hii akitumwa na Sargent wa Boston. Mwaka 1908 alituma matunguu mengine ya lili ya kifalme, Marekani na kwa rafiki zake. Matokeo hayakumridhisha. Ni hapo ndipo tunapomwona mtoto wa kitalu aliyekataa kushindwa na mzigo uliooza. Angeweza kusema nimeshaituma mara mbili, yatosha. Mwaka 1910 aliondoka tena, safari yake ya nne, na moja ya shabaha zake kuu ilikuwa kurudi kwenye bonde lile na kutoa lili kwa wingi, na kwa namna ambayo zitafika hai.

Septemba 1910

Alifika bondeni, akaiona lili mahali pake, akapanga na wenyeji matunguu zaidi ya 6,000 yachimbwe majira ya kupukutika majani, wakati shina limekauka na tunguu limejaa. Kisha akageuza msafara kurudi Chengdu. Yeye alikuwa amepanda machela, imebebwa na watu, huku mbwa wake akitangulia mbele.

Mbwa ndiye aliyestuka kwanza. Jiwe dogo likapita, likaangukia mtoni. Wabebaji wakaharakisha, na mara mlima ukaanza kushuka. Wilson aliruka kutoka kwenye machela. Sekunde chache baadaye jiwe kubwa likaisomba machela na kuitupa mtoni. Akakimbia kuelekea kwenye mwamba ambao ungemkinga. Karibu aufikie, kipande cha jiwe kikampiga mguu wa kulia. Ulivunjika mahali pawili.

Waliokuwa naye hawakuwa na dawa wala mbao. Walikuwa na kamera. Wilson alibeba kamera kubwa ya vioo, na miguu mitatu ya kusimamishia kamera ile ndiyo iliyotumika kuufunga mguu wake unyooke. Lakini kabla hawajamwinua, likatokea balaa la pili: msafara wa nyumbu wa mizigo, wanaoitwa pia baghala, karibu 50, ukaja kutoka upande wa pili. Njia ilikuwa nyembamba, hakuna wa kurudi nyuma, na mawe yalikuwa bado yanatishia kuanguka. Wilson akalala chini, kakingama njia, na nyumbu wote wakapita juu yake, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata kwato moja iliyomgusa.

Ilichukua siku tatu za mwendo wa kulazimisha kumfikisha Chengdu, kwenye hospitali ya wamisionari. Mfupa haukuunga, kidonda kikaingia usaha, na ikafika mahali madaktari wakawa wanazungumzia kuukata mguu. Mwishowe ulipona, lakini ulibaki mfupi kidogo. Baada ya miezi mitatu hivi alitoka kwa magongo. Alichechemea hadi siku ya kufa kwake, na huko kuchechemea akakupa kwa utani jina la lili.

Habari hii husimuliwa kila mahali kama sinema ya mtu mmoja shujaa. Sisi tungependa kuongeza jambo ambalo wasimuliaji hulipita haraka. Wakati Wilson amelala hospitalini, kazi ya msimu haikusimama. Wakusanyaji wake wa Kichina, ambao wengi walikuwa wamefuatana naye tangu safari za awali na wakaujua utaratibu wake, waliendelea. Wenyeji wa bonde walichimba matunguu kwenye ile miteremko ya mawe, kwa majembe na vijiti, mikono ikichubuka. Kila tunguu lilifunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na yote yakapangwa ndani ya unga wa mkaa. Watu hao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao cha ua lolote.

Tazama hiyo njia ya kufunga: mfinyanzi unashika unyevu kidogo ili magamba yasisinyae, mkaa unazuia uozo na kuacha hewa ipite. Ni jibu kamili la tatizo la tunguu lisilo na koti. Matunguu yalifika Marekani yakiwa salama, na kutokana na mzigo ule, uliopita mikononi mwa kampuni ya mbegu ya Farquhar ya Boston, lili ya kifalme ikaenea Marekani.

Kuhusu kung'oa matunguu elfu sita kutoka porini kwa mkupuo, leo tusingemshangilia mtu. Enzi zile ndivyo kazi ilivyofanywa, na hatuoni haja ya kuificha wala kuipamba. Kilichoiokoa lili hii kidogo ni tabia yake yenyewe: inazaa mbegu nyingi, mbegu zinaota bila ujanja, na mche unaweza kuchanua ndani ya miaka miwili au mitatu tu. Zaidi ya hayo, virusi vinavyoua lili kwa kawaida havipiti kwenye mbegu. Wenye vitalu wakatambua kwamba hawahitaji tena kurudi mlimani. Na hapo, kwa mara ya kwanza, mtu mwenye kijibustani mbele ya nyumba akaweza kuwa na lili mwaka baada ya mwaka bila kuwa tajiri.

Bondeni kwa Min, nyumbani kwako

Tumeahidi jibu la swali la uji, basi tulitoe, tukiwa bado tunalikumbuka bonde.

Chagua mahali palipoinuka, au tengeneza tuta. Kama udongo wako ni mfinyanzi, changanya mchanga mkali na kokoto ndogo, na weka mboji iliyoiva, si samadi mbichi. Fukia tunguu ili juu yake pabaki udongo wa sentimita 15 hivi. Wengi hupanda juujuu kwa hofu ya kuozesha, lakini lili ya kifalme hutoa pia mizizi kwenye shina, juu ya tunguu, na mizizi hiyo ndiyo inayolisha maua. Ukipanda juujuu umeinyima chakula. Acha sentimita 30 kati ya tunguu na tunguu.

Jua la asubuhi linaitosha. Miguuni pake panda maua mafupi au weka matandazo ya nyasi kavu ili udongo uwe baridi, kama zile nyasi za mlimani zilivyofanya. Mwagilia kwa nguvu, kisha acha hadi udongo wa juu ukauke. Usinyunyize kidogokidogo kila jioni. Wanaopanda kwenye chungu wahakikishe chungu ni kirefu na kina matundu, na wasiweke kisahani cha kukingia maji chini yake.

Maua yakishanyauka, kata vichwa vyake tu. Shina na majani viache mpaka vigeuke manjano vyenyewe, kwa sababu kipindi hicho ndipo tunguu linaweka akiba ya mwaka ujao. Tunajua shina linalokauka halipendezi macho ya wageni. Vumilia. Ukitaka mbegu, acha ua moja au mawili yafunge vitumba, vikikauka na kuanza kupasuka, zisie kwenye trei yenye udongo mwepesi.

Wanaoishi joto la pwani wajue ukweli huu mapema: mgeni huyu amezoea baridi kali ya miezi kadhaa, na bila baridi anaweza kuchanua mara moja kisha akakata tamaa. Nyanda za juu kuna matumaini zaidi. Wengine hulihifadhi tunguu wiki 6 hadi 8 kwenye jokofu, si sehemu ya kugandisha, ndani ya mfuko wa maranda yenye unyevu kidogo na mbali na matunda. Ni Wilson mtupu, ila bila mkaa. Na mwenye paka asiweke lili ndani ya nyumba. Kila sehemu yake, hata chavua inayodondokea manyoya na kurambwa, inaweza kuua figo za paka.

Miaka ya mwisho

Baada ya mguu kuvunjika Wilson hakurudi tena China, lakini hakutulia. Alikwenda Japani mwaka 1914, kisha kati ya 1917 na 1919 akazunguka Japani, Korea na Taiwan. Mwaka 1920 alianza ziara ya miaka miwili iliyompeleka Australia, New Zealand, India na Afrika, ambako alipita Kenya kabla ya kuelekea kusini. Yule aliyetafuta maua maisha yake yote alipita kwenye bara ambalo lili ya kweli haioti porini kusini mwa Sahara. Kwetu alipiga picha za miti.

Mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu lili za Asia ya Mashariki, ambacho kwa miaka mingi wakulima wa lili walikitegemea. Sargent alipofariki mwaka 1927, Wilson ndiye aliyekabidhiwa uangalizi wa Arnold Arboretum. Mtoto wa kitalu aliyeishia shule ya jioni sasa alikuwa anaongoza moja ya bustani kubwa za miti duniani, na magazeti ya Marekani yalimwita kwa jina la nchi aliyoizunguka, Wilson wa China.

Tarehe 15 Oktoba 1930 yeye na Helen walikuwa wanarudi Boston kwa gari, wametoka jimbo la New York kumwona binti yao wa pekee, Muriel Primrose. Karibu na mji wa Worcester gari liliteleza kwenye majani yaliyoloa, likaacha barabara na kutumbukia bondeni. Wote wawili walifariki. Mtu aliyepona maporomoko ya mawe na kwato za nyumbu aliuawa na majani ya miti yaliyoanguka barabarani. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Wilson alibaki raia wa Uingereza hadi mwisho, hivyo wanandoa hao walizikwa kaskazini ya mpaka, katika makaburi ya Mount Royal mjini Montreal, Kanada. Muriel, ambaye baba yake alikuwa ameupa mwanzi mmoja wa China jina lake, aliolewa na George Slate, mtafiti wa mazao ya bustani wa mji wa Geneva, New York. Mwaka 1939 mkwe huyo akachapisha kitabu chake mwenyewe. Kilihusu namna ya kulima lili kwenye bustani za nyumbani.